Godoro Laini la Kifungo

Mtaa mzima ulimjua fundi makochi kwa mambo mawili. La kwanza ni makochi yake. Ukikaa humo unasahau hata kilichokuleta. La pili ni hasira zake. Watu walimwita Pilipili. Mwanzoni aligombana nao kwa jina hilo, mwisho akachoka, akaitika.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Chumba cha nyuma walilala yeye, mkewe na binti yao wa miezi mitano. Mtoto alikuwa mnene, wa mviringo. Baba yake alimwita Kifungo, kwa vile vifungo vya kitambaa anavyovishona katikati ya mito. Jina likakaa.

Nyumba hiyo haikujua utulivu. Cherehani ilinguruma. Mashine ya kupigia pini ililia ta, ta, ta. Kifungo alilia, na Pilipili alifoka.

"Mama Kifungo, mnyamazishe huyo mtoto. Nakata kitambaa cha watu hapa. Mkono ukiteleza nitawaambia nini wenyewe?"

"Ana miezi mitano," mkewe alijibu kutoka ndani. "Wewe una ndevu, na kelele unamshinda. Nianze kumnyamazisha nani?"

Lakini hasira za Pilipili zilikuwa na mahali zilipotoka. Utotoni alilala juu ya gunia, na mbavu zake hazijasahau mpaka leo. Mkewe alipopata mimba, aliapa kwamba mtoto wake hataijua sakafu. Alichagua sponji laini kuliko zote, ile ya kujazia migongo ya makochi. Akaipanga tabaka juu ya tabaka, akaivisha kitambaa cha mahameli. Pembeni akazungusha mito. Kichwani akaweka kimto kidogo chenye kifungo katikati. Kitanda cha mtoto, cha mbao, kilifura kama mkate.

Ukimlaza mtoto humo, alizama akabaki pua na tumbo. Na alilala.

"Unasikia?" Pilipili alimwuliza mkewe.

"Sisikii kitu."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya godoro langu."

Asubuhi moja akaja mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba begani na sauti isiyojua kunong'ona. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye nyumba zenye watoto wachanga. Alimpima Kifungo uzito, akamsifu. Aliuliza habari za kunyonya, akaridhika. Kisha akauliza mtoto analala wapi.

Pilipili mwenyewe aliacha kazi akaja kumwonyesha. Alisimama kando ya kitanda, mikono kiunoni, akingoja sifa.

Mhudumu aliweka kiganja juu ya godoro, akabonyeza. Mkono ulizama mpaka kwenye kifundo. Akautoa. Shimo likabaki.

"Bwana fundi," alisema, "godoro hili si la mtoto. Litoe. Na mito yote itoe."

Mama Kifungo aliangalia miguu yake, maana alijua kinachokuja.

"Umesema nini?"

"Nimesema ni laini mno. Mtoto chini ya mwaka analala juu ya kitu kigumu, bapa, kisicho na mto. Analazwa chali, usiku na mchana. Huyu yuko karibu kujigeuza. Akigeukia tumbo humu, uso utazama, na hataweza kuutoa."

Pilipili alifura. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Mimi nimekaa kwenye kazi hii tangu sijaota ndevu. Watu wanatoka mbali kutafuta mkono wangu. Leo unaingia nyumbani kwangu na mkoba wako, unaniambia mtoto wangu nimlaze juu ya ubao?"

"Sijasema ubao. Nimesema kigumu."

"Mlango ndio ule, mama."

"Nauona. Niliingilia huo huo," mhudumu alisema, akafunga mkoba. "Nitarudi. Hasira zako ni mzigo wako, mimi nina mzigo wangu." Akamgeukia Mama Kifungo. "Mwanangu, mlaze chali. Usisahau."

Alipoondoka, ugomvi ukahamia kwa wenye nyumba.

"Kwa nini tusimlaze kwenye godoro lingine kwa muda?" mkewe aliuliza.

"Lipi? Hilo letu lililokwisha? Au unataka mkeka? Mtoto wangu halali chini kama nilivyolala mimi."

"Hapa halizungumzwi gunia lako, Baba Kifungo. Anazungumzwa mtoto."

"Ndiyo, mtoto. Mtoto aliyelala vizuri mpaka huyu mama alipokuja kutuletea uchuro."

Mama Kifungo alinyamaza, lakini moyoni alichemka. Alijikasirikia kwa kunyamaza kuliko alivyomkasirikia mumewe. Siku hiyo hawakusemeshana tena.

Haukupita muda, Kifungo akajifunza kujigeuza. Alifanya hivyo juu ya mkeka, mama yake akiona. Alijikunja, akasukuma kwa mguu, akajikuta yuko juu ya tumbo, akashangaa mwenyewe. Mama yake alimpigia makofi. Baba yake aliitwa aje kuona, akaja, akacheka. Ilikuwa nadra Pilipili kucheka. Katika furaha hiyo hakuna aliyekumbuka maneno ya mhudumu.

Kesho yake mchana, Mama Kifungo alimlaza mtoto chali katikati ya mahameli. Akapita karakana na beseni la nguo.

"Niko uani naanika. Mtegee mtoto sikio."

"Nenda."

Pilipili alikuwa anavalisha mgongo wa kochi. Alipiga pini, akavuta kitambaa, akapiga tena. Kulikuwa kimya nyuma. Alifurahi. Leo ninafanya kazi kama mtu, alijisemea. Kimya kiliendelea, naye akaendelea.

Chaki ikamwishia. Nyingine ilikuwa chumbani, juu ya sanduku. Akaingia kwa kunyata, asimwamshe mtoto.

Kifungo alikuwa juu ya tumbo. Uso wote ulikuwa umezama kati ya godoro na mto wa pembeni. Mguu mmoja ulitikisika kidogo, kisha ukaacha.

Pilipili hakukumbuka baadaye alivyofika kitandani. Alijikuta amemwinua mtoto, amempakata. Midomo ya mtoto ilikuwa imeingia weusi. Shingo ilikuwa legelege. Akamwita mkewe kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na hasira hata chembe. Kifungo akatikisika. Akakohoa. Akavuta pumzi ndefu, na kilio kikatoka.

Mama Kifungo alipoingia mbio, mikono yake ikitiririka maji ya nguo, alimkuta mumewe amesimama na mtoto begani. Mtoto analia.

"Nilidhani amelala," Pilipili alisema. "Nilikisikia kimya nikafurahi. Nilifurahi, mama."

Mkewe alimnyang'anya mtoto. Aliangalia kitanda, akaona shimo la uso lililobaki kwenye godoro. Hakuuliza.

"Twende zahanati," alisema. "Na usinisemeshe njiani."

Daktari alimsikiliza mtoto kifua, mbele na nyuma. Akamwangalia rangi ya midomo na kucha. Akawaweka pale mpaka jioni ili amtazame. Mwisho akasema mapafu ni mazima, na kwamba baba aliingia chumbani kwa wakati. Pilipili alitaka kumwambia kwamba aliifuata chaki tu.

Walipotoka wakakutana na mhudumu wa afya kwenye benchi la nje. Habari zilikuwa zimemfikia. Pilipili alipomwona, ile hasira aliyoizoea ikampanda, maana ndiyo njia pekee aliyoijua.

"Ulijua," alimwambia. "Ulijua, na ukaondoka. Kwa nini hukunilazimisha?"

Mhudumu akasimama. Safari hii yeye ndiye aliyewaka.

"Nikulazimishe kwa rungu? Nilikwambia mbele ya mkeo. Ukanionyesha mlango. Nyumba ngapi nimeonyeshwa mlango, unajua? Na nyumba nyingine nikirudi nakuta watu wamekaa msibani. Usinitupie hasira zako, bwana fundi. Mimi zangu zinanitosha."

Pilipili aliinamisha kichwa. Watu kwenye benchi waligeuka kuangalia, na hakuwajali. Mama Kifungo naye akasema lake, polepole.

"Na mimi nilimsikia mama huyu, nikanyamaza ili tusigombane. Sinyamazi tena. Hata ukivimba ukapasuka, nitasema."

"Sema," Pilipili alijibu. "Una haki."

Mhudumu alivuta pumzi, akaketi, akawapisha nafasi.

"Kaeni. Sasa nisikilizeni. Wewe ukiangukia uso kwenye sponji, utafanya nini?"

"Nitageuza kichwa."

"Mtoto kichwa chake ni kizito, shingo yake changa. Sponji laini inamzunguka mdomo na pua. Anabaki anavuta ile hewa aliyoitoa mwenyewe, mpaka nguvu zinamwishia. Halii, maana hana pumzi ya kulilia. Ndiyo maana hukusikia kitu."

Pilipili alifunga macho.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Godoro gumu. Ukilibonyeza na kuachia, linarudi palepale, halibaki na shimo. Lienee kitanda, pembeni pasiwe na pengo la kichwa kuingia. Shuka moja, iliyovutwa sawasawa. Basi. Hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna midoli. Akihisi baridi, mvike nguo, usimfunike. Kitanda chake kiwe chumbani mwenu, lakini alale peke yake."

"Na akijigeuza mwenyewe?" Mama Kifungo aliuliza.

"Kila akilala mlaze chali. Akishajua kujigeuza na kujirudisha mwenyewe, mwache alivyochagua, mradi kitanda kiwe kitupu. Akiwa macho, mwekeni kwenye mkeka alalie tumbo, mkimtazama. Hapo ndipo shingo inapata nguvu. Sakafu si umaskini, Baba Kifungo. Ni uwanja wake wa mazoezi."

Kisha akamwangalia fundi kwa jicho kali.

"Na kwenye makochi yako, humo mnapomlaza kifuani mkasinzia naye?"

Mama Kifungo alikohoa. Pilipili alikuwa akifanya hivyo karibu kila baada ya chakula cha mchana.

"Anateleza, anabanwa kati yako na mgongo wa kochi," mhudumu alisema. "Kochi ni baya kupita godoro. Ukiona usingizi unakuja, mpe mama yake au mrudishe kitandani."

Waliporudi nyumbani, Pilipili hakuingia karakana. Alilitoa lile godoro uani, akachukua kisu cha kukatia sponji. Alikata mahameli, akakata tabaka la kwanza, la pili, mpaka uwanja ukajaa vipande vyeupe. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona sura ya fundi, akajirudisha.

Asubuhi alianza upya. Alichukua sponji ngumu, ile ya kukalia viti vya ofisini, inayomchosha mkono kuikata. Aliipima kitandani mara kwa mara mpaka pembeni hapakupita kitu. Alivuta kitambaa cha pamba mpaka kikalia kama ngoma. Kazi yote aliifanya amenuna. Alipomaliza akamwita mkewe.

"Bonyeza."

Mama Kifungo alibonyeza kwa ngumi. Godoro halikumjali.

"Gumu," alisema.

"Bado nalichukia," Pilipili alisema. "Lakini mlaze."

Kifungo alilia kwa siku kadhaa za mwanzo, akitafuta ile mahameli yake. Baba yake alisaga meno, akabadilishana na mkewe kumbembeleza. Mtoto akazoea. Akawa analala chali, mikono juu kama mtu aliyesalimu amri, na kifua kinapanda na kushuka. Mhudumu aliporudi, alionyeshwa kitanda kabla hajauliza. Hakusifu. Alibonyeza tu, akaandaliwa chai.

Baadaye akaja mteja na mkewe mjamzito. Walitaka godoro la mtoto.

"Laini kabisa, fundi," mteja alisema. "Na mito pembeni. Tumesikia wewe ndiye mwenyewe."

"Laini ni ya makalio yako," Pilipili alimjibu. "Kochi nitakushonea uzame mpaka masikio. Mtoto nitamshonea gumu, na mto sishoni."

"Wewe unaniamulia mtoto wangu?"

"Ndiyo. Usipotaka, nenda kwingine. Ila kabla hujaenda, kaa hapo nikueleze kilichotokea kwenye chumba kile."

Mteja alinuna, akakaa. Pilipili akaeleza, na sauti ikamkatika mahali palepale ilipokatika siku zote, kwenye mguu ulioacha kutikisika. Mke wa mteja aliweka mkono tumboni.

"Shona gumu," alisema.

Wakati huo huo kelele zikatoka chumba cha nyuma. Kifungo ameamka. Sasa alikuwa anakaribia mwaka, anasimama kwa kushika ukingo wa kitanda na kufoka mpaka mtaa wa pili wanasikia.

"Sauti hiyo ameirithi kwa nani?" mteja aliuliza.

Mama Kifungo, aliyekuwa akipita, alimtazama mumewe.

Pilipili aliweka chini mashine ya pini, akaenda. Alipofika mlangoni alisimama kwanza. Kifungo alimwona, akazidi kupiga kelele, uso umekunjamana, mikono inatikisa mbao. Baba yake alimwacha aendelee kidogo, maana mwenye kulia ana pumzi, ndipo akamwinua.