Kitanda cha Tatu, Kliniki ya Yoba

Kitanda cha tatu kilikuwa na joto. Zuena aliweka kiganja juu ya shuka, akakiondoa, akakiweka tena. Ilikuwa saa moja asubuhi, mlango alikuwa ameufungua yeye mwenyewe, na tangu Ijumaa hakuna aliyelala hapo. Shuka lilinuka kafuri, ile wanayotiwa maiti.

Hakumwambia mtu. Ulikuwa mwaka nchi ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru, na kliniki yao ndogo ya mtaa wa Yoba, mjini Gitega, ilikuwa ikingoja wakaguzi. Walipasua ngiri na vivimbe. Mgonjwa aliingia asubuhi, jioni akarudi kwao. Wakaguzi wakiridhika wangetoa cheti cha ubora, na daktari Mustafa, mwenye kliniki, hakuzungumza kingine. Zuena, muuguzi mkuu, ndiye aliyepanga madaftari.

Ndani ya madaftari hayo mlikuwa na uongo mmoja. Ijumaa ile Apolline, Mkongomani aliyeuza vitenge Makebuko, nje ya mji, hakuamka kutoka kwenye dawa ya usingizi. Alifia kitanda cha tatu. Mustafa aliagiza iandikwe kwamba alitoka jioni akiwa mzima. Wakampakia garini, na mumewe, Bahizire, akaambiwa amefariki njiani. Zuena alitia sahihi.

Jumanne walimpasua mkulima mmoja ngiri. Saa nne, jua likiwa limejaa dirishani, mtu yule, akiwa bado usingizini, alifungua kinywa akasema taratibu kwa sauti ya kike: "Mi sijaamuka bado."

Mustafa alisema dawa huwafanya watu waropoke. Jumatano mgonjwa mwingine akasema maneno yaleyale. Alhamisi walikuwa wawili, kwenye vitanda viwili, wakasema pamoja kwa sauti ileile moja, na kafuri ikapanda kutoka sakafuni mpaka machozi yakamtoka Zuena, na shuka la kitanda cha tatu, ambacho hakikuwa na mtu, likaanza kuinuka na kushuka polepole kama kifua cha anayepumua, naye akabaki amesimama na sindano mkononi, asijue kama akimbie au akae na wale wawili ambao hawakuwa na mwingine wa kuwaangalia.

Jumamosi alipanda gari hadi Muyinga, kwa Abubakari, fundi cherehani anayejulikana kwa kuwasomea wenye majini. Fundi alimsikiliza huku akishona. Mwishoni akasimamisha cherehani.

"Huyo si marehemu, dada. Wafu hawarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Muliandika mutu ametoka, naye hakutoka. Jini ikakamata ile nafasi. Muandike ukweli, mumuambie bwana yake, ndiyo nitakuja kusoma. Lakini iwe kabla ya hicho cheti. Wakubwa wakishaweka muhuri juu ya ule uongo, mi sitaiweza."

Mustafa alikataa. Alisema wangoje wakaguzi wapite, kisha wangeandika chochote. Zuena angeweza kuandika peke yake usiku uleule, lakini hakuandika.

Wakaguzi walikuja, na siku hiyo kitanda cha tatu kilikuwa baridi. Walihesabu mikasi, wakapekua madaftari, wakafika kwenye mstari wa Apolline, wakasifu mwandiko. Muhuri ukagongwa. Redio ikatangaza.

Zuena alimsihi Abubakari aje hata hivyo. Alikuja, akajifungia chumbani adhuhuri. Zuena, sikio likiwa mlangoni, alimsikia akianza kusoma, kisha akasikia sauti ya mwanamke ikisoma naye, aya zilezile, bila kukosea, ikaongeza mwendo, ikampita, mpaka ikawa inasoma peke yake na yeye amenyamaza. Fundi alitoka shati limelowa.

"Aya inazijua kunishinda mimi," alisema, akarudi Muyinga siku hiyohiyo.

Kesho yake Zuena hakwenda kazini. Alizunguka mjini tangu asubuhi, alasiri akashika njia ya Makebuko. Alimkuta Bahizire uani akikunja vitenge vya marehemu, akamweleza yote, hata ile sahihi. Bahizire alikaa kwenye ngazi, kitenge kikiwa magotini.

"Na redio ilisema sasa mahali hapo iko na cheti," alisema.

Zuena akaitikia kwa kichwa.

"Emérance, mudogo wa Apolline, iko na uvimbe ya shingo. Alikuwa anaogopa. Ni mi nilimuambia aende, kwani wakubwa wamepakagua."

"Anaenda lini?"

"Ameenda leo asubuhi."

Zuena alipiga simu kliniki. Iliita mpaka ikakatika. Alipoinua macho, Bahizire alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, akielekea Gitega barabarani, naye akamfuata.