Sahani ya Clementi

Katika kijiji kipya karibu na Mugeta, nyumba zilipangwa mistari miwili kama madawati ya shule. Nyumba ya Wankyo ilikuwa ya tatu kutoka ghala la pamba. Kila asubuhi Wankyo alifagia uwanja, akakamua ng'ombe wao wawili, kisha akaenda shambani na mumewe, Magesa. Ilipokaribia saa sita, Wankyo alitangulia kurudi nyumbani kupika.

Alisonga ugali wa mtama na muhogo katika sufuria kubwa. Akapakua sahani tatu. Moja ya Magesa. Moja yake. Ya tatu aliifunika vizuri na kuiweka kichanjani.

Magesa alidhani ile ni ya mgeni. Hakuuliza. Nyumba nyingi za kule huweka chakula cha mgeni.

Lakini sahani ile ilikuwa ya Clementi, mtoto wao wa pekee. Clementi alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka kumi na saba. Walimzika kwenye mji wao wa zamani, ng'ambo ya mto, nyuma ya zizi. Miezi miwili baadaye, mwaka 1974, ikaja amri ya kuhamia kijijini. Watu walipakia milango, vyungu na kuku kwenye lori. Kaburi halipakiwi kwenye lori.

Mchana, Magesa akishakwenda kuchunga, Wankyo aliketi peke yake jikoni. Aliitazama sahani ya tatu. Hakuweza kumwaga chakula cha mtoto wake. Hakuweza kumpa mbwa. Basi alikula yeye. Aliongeza samli, kwa sababu Clementi alipenda samli. Alipomaliza aliona moyo umetulia kidogo. Baada ya muda mfupi moyo ulianza kumuuma tena, naye akarudi kukomba sufuria.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitatu.

Mwili ukaongezeka. Watu wakafurahi. Wifi yake Helena, aliyekaa nyumba ya jirani, alifurahi kuliko wote.

"Wifi, sasa umerudi duniani," Helena alisema. "Mwaka ule ulibaki mifupa. Tulikuogopa. Sasa ona mashavu. Huzuni imekwisha."

Kila wiki Helena alimletea kibuyu cha samli. Watoto wake mwenyewe walikula mboga kavu ili Wankyo apate. Ulikuwa wema mkubwa. Na kila wiki wema ule ulimzidishia Wankyo ugonjwa.

Watu hawakutaja jina la Clementi mbele yake. Hata jina la Mama Clementi waliacha kumwita. Walidhani wanamhurumia. Kwa kuwa alikuwa mnene, waliona hakuna haja ya kuuliza moyo wake ukoje.

Mwezi wa saba mwaka 1977, wanakijiji walipeleka pamba ghalani. Karani Bernado alikuwa kwenye mizani. Wankyo alipotua mzigo wake, Bernado akacheka.

"Na wewe panda, mama. Tujue kijiji kina mali kiasi gani."

Wanawake wakamsukuma. Wankyo akapanda. Bernado akasogeza jiwe la mizani mara mbili, kisha akasoma kwa sauti.

"Kilo tisini na sita! Hii ni pamba safi. Hakuna fifi humu, hakuna pamba chafu."

Watu wakapiga vigelegele.

"Magesa," mzee mmoja alisema, "unamlisha nini huyu? Tufundishe na sisi. Wa kwangu hata upepo unampeleka."

Magesa alitabasamu kwa fahari. Wankyo naye alicheka. Lakini alipotaka kushuka, goti lilikataa. Kifua kilibana. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vya matairi vikamkata ngozi. Bernado aliacha kucheka. Alileta kiti chake na kikombe cha maji, akaendelea na kazi kama vile hakuona kitu.

Siku ileile mwenyekiti wa kijiji alitoa tangazo. Mahame yote ya ng'ambo ya mto, yaani miji ya zamani iliyoachwa, yatakuwa shamba la pamba la kijiji. Trekta litakuja mwezi wa kumi na moja.

Nyumbani, Wankyo alisema, "Nataka kwenda kule kabla ya trekta."

"Nitakwenda mimi," alisema Magesa. "Nitazungushia mawe. Kwa miguu hiyo hufiki."

"Nani alimwambia mtoto kwamba tumehama?"

Magesa alivuta kigoda, akaketi.

"Hakuna aliyemwambia," Wankyo alisema. "Tulipakia vitu, tukaondoka. Akija nyumbani kututafuta, anakuta majani tu. Nataka nimwambie mwenyewe."

Mwaka wa kwanza watu walikatazwa kurudi kwenye mahame. Walipoacha kukatazwa, Wankyo alikuwa hawezi tena mwendo ule. Safari ni saa mbili, na ng'ambo ya mto kuna mlima.

Magesa alimpakia kwenye baiskeli. Kabla ya kufika mtoni spoku tatu zilikatika. Wankyo akajaribu kutembea. Alifika kisimani, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Magesa alimwinua, akamrudisha pole pole. Watoto waliokuwa wanachota maji walitazama kando ili asione aibu.

Kesho yake Wankyo alikwenda zahanati. Mhudumu wa pale aliitwa Ursula, mama wa makamo kutoka Murangi. Ursula alimpima shinikizo la damu. Akapima tena.

"Damu yako inasukumwa kwa nguvu mno," alisema. "Uzito unachosha moyo na magoti. Nitakupa dawa, lakini dawa peke yake haitoshi. Unakulaga mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi uji. Mchana ugali, na jioni ugali. Kama watu."

"Mchana sahani ngapi?"

Wankyo alitazama mikono yake. "Mbili."

"Ya pili ya nani?"

"Ya mtoto."

"Daftari langu linasema nyumbani kwenu hakuna mtoto."

"Ya Clementi," Wankyo alisema.

Ursula aliweka kalamu chini. "Clementi alikuwa kijana wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Wankyo alifungua mdomo, akalia. Alilia mpaka kitenge chake kikalowa begani. Ursula alikwenda kurudisha mlango, akawaambia wagonjwa wa nje wasubiri kidogo.

"Alikuwa mvivu," Wankyo alisema mwishowe. "Mvivu wa kuchunga. Ng'ombe walikuwa wanarudi peke yao, yeye anakuja nyuma anapiga mluzi."

Wakacheka wote wawili kidogo. Kisha Ursula akasema, "Mama, kuna njaa mbili. Njaa ya tumbo huja taratibu. Hata ukiipa kiazi kikavu, inakubali. Ukishiba, inaondoka. Njaa ya huzuni huja mara moja, hata kama umetoka kula sasa hivi. Inataka kitu kilekile. Na haishibi. Wewe unailisha njaa ya huzuni ugali na samli."

"Kwa hiyo nimwache mtoto wangu akae na njaa?"

"Clementi hasikii njaa tena, mama. Anayeisikia ni wewe."

Maneno yale yalikuwa machungu kama kwinini. Wankyo alisimama, akatoka bila kuaga.

Kwa hasira alikataa kula kabisa. Siku ya kwanza alikunywa maji tu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mwili ulitetemeka, na mchana alikula sahani zote mbili, akamaliza sufuria, akala na karanga za mbegu. Kisha akakaa sakafuni akiuchukia mwili wake.

Jioni Ursula alikuja. Hakungoja kuitwa.

"Nilikuumiza," alisema. "Lakini sikukudanganya."

"Nimejinyima siku mbili, Ursula. Leo nimekula kama fisi."

"Ndivyo inavyokuwaga. Ukijinyima kabisa, mwili unalipiza. Sikukwambia uache kula. Ule, lakini ule chakula chako. Mume wako yuko wapi? Na yeye asikie."

Magesa aliitwa. Wankyo akamweleza habari ya sahani. Alisema akitazama chini. Magesa akakitazama kichanja.

"Nilidhani ni ya mgeni," alisema. "Mimi hulilia machungani. Nilidhani wewe umesahau. Nikaona nisikukumbushe."

Hapo Ursula akawaeleza. Sufuria kubwa waiweke kando, wapikie ndogo. Wapakue sahani mbili, waketi pamoja na kula pole pole. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na maharage. Ugali uwe wa kiasi cha ngumi moja. Samaki au maziwa wasiache. Samli iwe kijiko kimoja kidogo kwa mboga yote. Chumvi wapunguze, kwa ajili ya damu.

"Na njaa ile nyingine ikija?" Wankyo aliuliza.

"Weka mkono tumboni. Jiulize, ni tumbo au ni Clementi? Kama ni tumbo, kula. Kama ni Clementi, toka jikoni. Nenda kwa mtu. Njoo hata kwangu. Sema jina lake, lia, kisha urudi kwenye kazi yako."

"Na mlima?"

"Mlima hatuuanzi leo. Leo nenda mpaka ghalani na kurudi. Kesho hivyo hivyo. Kifua kikibana, simama."

Siku ya kwanza ya sahani mbili ilikuwa mbaya. Mikono ya Wankyo ilitafuta sahani ya tatu yenyewe. Aliona kama anamzika mtoto mara ya pili. Magesa alibaki nyumbani mchana ule. Ng'ombe walichungwa na jirani. Magesa alichonga mpini wa jembe, Wankyo akachambua mchicha, na saa ile mbaya ikapita.

Baada ya mwezi mmoja mwili ulianza kupungua. Kijiji kikaanza kusema.

"Anakonda. Magesa anamnyima."

"Labda amerogwa."

Helena alikuja na vibuyu viwili badala ya kimoja. "Wifi, kula. Unanitisha. Kama kaka yangu anakutesa, niambie mimi."

Wankyo alivishika vibuyu, kisha akamrudishia.

"Hanitesi. Samli hii wape watoto wako. Mimi niletee maneno, wifi. Njoo tumzungumzie Clementi."

Helena alikunja uso. Kukataliwa chakula kunauma. Aliondoka na vibuyu vyake, na kwa siku nne hakuonekana. Siku ya tano alikuja mikono mitupu. Aliketi, akavuta miguu, akasema bila kumtazama Wankyo:

"Nimekumbuka siku alipomkimbiza jogoo wangu mpaka yeye mwenyewe akaanguka kwenye shimo la udongo. Akatoka mwekundu kama kichuguu."

Kuanzia siku ile alikuja mara kwa mara. Watu walipomsikia Helena, nao wakaanza kumwita tena Mama Clementi.

Kila mwisho wa mwezi Wankyo alipita ghalani. Bernado alimpima mlango ukiwa umefungwa. Hakusoma kwa sauti. Aliandika namba kwenye kikaratasi na kumpa mkononi. Kilo tisini na tatu. Kilo tisini. Mwezi wa tisa vijana wa kijiji waliondoka kwenda sekondari Musoma, wakipunga mikono kwenye lori. Siku ile Wankyo alikula mpaka akatapika. Kikaratasi kikasema tisini na moja.

"Siku moja haifuti miezi mitatu," Ursula alimwambia. "Kesho anza tena."

Akaanza tena. Alitembea mpaka kisimani, kisha mpaka mtoni. Mwezi wa kumi alivuka mto na kufika katikati ya mlima. Alihesabu: siku kumi zaidi, atafika juu. Muda ulitosha, na mawe ya kaburi wangeyazungushia pamoja na Magesa.

Lakini trekta halikungoja mwezi wa kumi na moja. Lilikuja wiki mbili kabla, maana mvua zilitazamiwa mapema. Wankyo alikuwa kisimani aliposikia ngurumo ng'ambo ya mto. Hakukuwa na wingu.

Kesho yake kulipopambazuka walitoka, yeye na Magesa. Kwenye mlima alisimama mara tano. Hakuketi. Alifika juu akihema, miguu ikimuuma, lakini alifika.

Mahame hayakuwapo. Kulikuwa na matuta mekundu yaliyonyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zizi lilikuwa limelimwa. Mawe ya jikoni yalikuwa yamesukumwa pembeni. Dereva wa trekta aliwaona, akazima mashine. Magesa alipomweleza, alivua kofia. Hakuwa na habari ya kaburi, hakuna aliyemwambia.

"Ni hapa," alisema Magesa.

"Hapana," alisema Wankyo. "Ni kule. Mlango wa zizi ulitazama mto."

"Ulitazama nyumba."

Walibishana kwa sauti ya chini. Hapakuwa na alama ya kuwaamulia.

Wankyo akasimama pale alipoonyesha Magesa.

"Clementi," alisema, "tumehamia huku Mugeta. Tulihamishwa, hatukukutupa. Nyumba ni ya tatu kutoka ghala la pamba. Baba yako hajambo. Mimi nilikuwa naumwa, ndiyo maana nimechelewa."

Kisha akavuka matuta, hatua kama arobaini, mpaka pale alipofikiri yeye. Akasema tena maneno yaleyale, yote, bila kuacha moja.

Walirudi kwa miguu. Kushuka mlima kulimuuma magoti, lakini kifua hakikubana. Wiki ile Ursula alipompima, shinikizo la damu lilikuwa limeshuka, na kikaratasi cha Bernado kilisema kilo themanini na saba. Ursula alifurahi. Wankyo alisema asante.

Lakini mchana wa siku ile waliporudi kutoka mahameni, njaa ilikuja mara moja, kubwa kuliko siku zote. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akaweka mkono tumboni. Alijua ni ipi. Alikula sahani yake pamoja na Magesa, akanawa, akaenda nyumba ya jirani.

Helena alikuwa uwanjani anapepeta mtama. Alimtazama wifi yake usoni, kisha vumbi jekundu miguuni. Alisogea kwenye mkeka, akampa ungo wa pili.