Sampuli Namba Arobaini na Moja

Foleni ya mashine ya kuchapia ilifika hadi kwenye ngazi. Nesi wa wodi ya watoto, gauni jeupe, viatu vya kijani, alichukua karatasi zake na zisizo zake.

"Dada, hiyo uliyobeba ni kazi yangu ya wiki nzima!"

Akageuka. Mchambuzi wa vinasaba, miwani upande, shati halijaona pasi. Moyo wa nesi ukamdunda. Jamani, mambo haya hayapigi hodi!

"Namba zote hizi ni za nini?"

"Ni watu. Majina hatupewi."

"Na kompyuta ndiyo inasema nani mgonjwa?"

"Kwanza inaniuliza nataka ripoti ipi. Bibie, una maswali wewe! Nipe namba ya simu nikujibu taratibu."

Wakapendana. Yeye akawa Bi Maswali, kijana akawa Miwani. Mwezi wa tano Miwani akauliza, "Utaolewa na mimi?" Bi Maswali akachukua mkoba wake akaondoka, na simu akaacha kupokea.

Siku ya nne akapokea.

"Kama umepata mwingine niambie, nijue moja."

"Mwingine wapi! Sampuli arobaini na moja ni mimi."

Mama yake Bi Maswali alifariki kwa saratani ya titi. Binti aliapa hataolewa kabla hajajua kama amerithi badiliko la kinasaba linaloweza kuleta saratani hiyo, akatoa damu kimyakimya. Jibu lilisema hakuna badiliko lililopatikana, na chini ilikuwa sahihi ya Miwani.

"Si habari njema hiyo, mpenzi?"

"Mbona yangu ukurasa mmoja, na za wenzangu nilizoziona kwenye mashine ni mafungu?"

"Njoo ofisini," Miwani akasema.

Mbele ya kompyuta akamwonyesha. Siku alipoandika jibu lile kazi ilimzidi, akachagua ripoti fupi, ile inayotaja mabadiliko yaliyopatikana tu. Ripoti ya pili, inayoonyesha wapi pamesomwa na wapi hapakusomwa, hakuifungua. Akaifungua sasa. Kipande kizima cha kinasaba kilikuwa kitupu.

"Haikusema huna," akasema kwa sauti ndogo. "Haikuangalia."

"Kwa hiyo ulinipa moyo wa bure! Wewe!"

"Nimekosa. Sina cha kujitetea."

Bi Maswali akaondoka akilia kwa hasira. Lakini jioni ile alisikia kwamba Miwani alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, akaandika kosa lake na kuomba sampuli isomwe upya. Hasira ikapoa kidogo.

Baada ya wiki tatu Bi Maswali alimpigia Miwani. "Njoo kwa daktari. Sitaki kusikia peke yangu."

Ripoti zote mbili zilikuwa mezani. Miwani akamshika mkono. "Nijibu kwanza lile la ndoa, kabla hazijafunguliwa."

"Hapana. Kwanza nijue."

Daktari akasoma polepole. Pote pamesomwa. Badiliko lipo. Si ugonjwa, akaeleza, ila atapimwa kila mwaka maisha yake yote.

Bi Maswali akalia, Miwani naye akalia. Kisha Bi Maswali akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama usoni.

"Haya. Niulize tena, sasa ukiwa unajua."

"Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa."