Uzi wa Kijani Mfukoni

Msumari wa kibanda cha mabegi ndio uliomkamata Egidi. Alikuwa katikati ya soko la Tabora, wauza asali huku, wauza mitumba kule, akiuliza bei wala hanunui kitu. Mara shati lake jeupe, lililopigwa pasi likanyooka, likachanika mfukoni, kraa!

"Basi hiyo ndiyo bei ya kuulizauliza, kaka," sauti ikacheka nyuma yake.

Aligeuka. Nyuma ya cherehani alikaa dada mrefu, kitenge cha njano kiunoni, futi ya kupimia shingoni, kandambili moja nyekundu na moja ya buluu.

"Nivue?" Egidi akauliza.

"Uvue sokoni, mwanaume mzima? Simama hivyo hivyo. Ukitikisika nakuchoma."

Akamshona akiwa amelivaa. Uzi mweupe ulikuwa umemwishia, akatumia wa kijani, akamalizia na kamsalaba kadogo.

"Mbona unanitia alama?"

"Kila ninachokishona nakitia. Ukipotea, wajue pa kukurudisha."

Jina lake Demetria, mzaliwa wa Ulyankulu. Egidi alikuwa afisa manunuzi wa mradi wa wafadhili unaosaidia shule za vijijini, na kuuliza bei ndiyo kazi yake. Siku hiyo alirudi ofisini na bei za mabegi kumi na namba moja ya simu.

Mapenzi yakakolea. Jumapili baada ya misa walitembea hadi Kwihara, njia waliyopita wapagazi wa zamani, wakitafuna karanga. Jioni ni simu tu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula makaratasi. Wewe?"

"Ugali na mlenda. Njoo nikushone huo mdomo, makaratasi yasiingie tena."

Lakini ofisini Egidi hakumtaja hata siku moja. Alijiambia mapenzi ni siri ya wawili. Moyoni alijua: aliona haya. Haya ya zile kandambili, haya ya elimu ya darasa la saba, mbele ya watu wanaoshuka kwenye magari yenye viyoyozi.

Mradi ukatangaza zabuni ya mabegi elfu mbili ya wanafunzi wa Kigwa na Puge. Demetria na mafundi wenzake sita wakaomba. Hakumwambia Egidi, asije akajaribiwa kumpendelea.

Siku ya kufungua bahasha, wazabuni waliketi ukumbini, majina yakasomwa, sampuli zikapangwa mezani. Adinani, mtunza stoo, akalipindua begi moja.

"Hee! Kamsalaba ka kijani. Egidi, si kama haka ka mfukoni mwako? Unamfahamu huyu fundi?"

Watu wakacheka. Kwenye benchi la nyuma Demetria alikuwa ameanza kutabasamu.

"Simfahamu," Egidi akasema. "Shati nimelinunua kwenye mitumba."

Tabasamu likafa. Kisha wajumbe wa kamati ya zabuni, Egidi akiwemo, wakapewa fomu, kila mmoja aseme kama ana uhusiano na mzabuni yeyote. Egidi akaandika: Sina.

Jioni alipiga simu mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Demetria, kipenzi, nilikuwa nakulinda..."

"Unanilinda na nani? Ungesema unanifahamu, ukatoka nje, wenzako wakaendelea. Mlango ulikuwa wazi, Egidi. Niliuona."

"Taratibu za kazi..."

"Usizisingizie taratibu! Uliniangalia miguu kwanza. Vile viatu vya leo niliazima kwa fundi mwenzangu Recheli, vimenichubua, ili nisikutie aibu. Kumbe aibu yenyewe ni mimi."

Simu ikakatika.

Usingizi ukampaa. Alichukua wembe aufumue ule uzi, akakata nyuzi mbili, akauweka wembe chini. Siku ya tatu akaingia kwa mkuu wa mradi, Mama Julieth.

"Shikamoo, mama. Nimedanganya kwenye fomu."

Mama Julieth alimsikiliza hadi mwisho. "Kesho zabuni zinakaguliwa. Ingegundulika baadaye, yule binti ndiye angeondolewa. Wangesema amekula njama na wewe."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Kamati unatoka. Barua ya onyo utaipata. Jaza fomu nyingine."

Akajaza, akafika penye 'aina ya uhusiano'. Kalamu ikagoma.

"Niandike rafiki?"

"Usiniulize mimi. Ulishamwandikia mara moja bila kumuuliza. Nenda kwa mwenyewe."

Saa sita mchana soko limefurika. Egidi alikuja amevaa lile shati jeupe.

"Shikamoo, dada Recheli."

"Marahaba, bwana usiyemfahamu mtu." Wanawake wa vibandani wakaangua kicheko. Masikio yakamwaka moto.

Demetria hakuinua macho. "Samahani, kaka, tunafahamiana?"

Egidi akapaza sauti watu wote wasikie. "Ninamfahamu fundi huyu. Nilimkana mbele za watu kwa kuonea haya kandambili zake. Aibu hiyo ni yangu, si yake."

Cherehani ikanyamaza. Egidi akaiweka fomu juu ya kitambaa.

"Zabuni yako wataikagua wengine, upate, ukose. Mimi nimekuja kwa huu mstari mmoja. Niandike nini?"

Demetria alisoma polepole, kidole juu ya kila neno. "Nikijulikana ni wako, watatunyima kazi?"

"Hapana. Kuficha ndiko kungewanyima."

Akaichukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MCHUMBA.

"Demetria!"

"Usifurahi haraka. Utaisoma kwa sauti ofisini, yule Adinani akisikia. Halafu mwambie baba yako atafute nauli ya Ulyankulu."

Egidi akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Pembe ya mfuko ikaachia. Demetria akasogea, akauona ule uzi uliokatwa.

"Ulitaka kuifumua alama yangu?"

"Nilitaka," Egidi akasema, macho chini. "Nikashindwa."

Demetria akachomoa sindano kwenye kitenge chake.

"Simama hivyo hivyo," akasema. "Na leo nikikuchoma, ujue ni makusudi."