Utando Uliomshika Crispin

Kila asubuhi Ligaya aliingia bandani kwa kunyata, kama anayeingia chumba cha mgonjwa. Trei arobaini zilikuwa zimefunikwa magazeti. Zamani, walipokausha nazi, maji yake waliyamwaga shimoni. Sasa waliyachanganya na sukari, siki na maji kidogo ya trei iliyotangulia, wakayaacha yatulie. Baada ya siku kumi, utando mweupe, mzito, ulikuwa umefunika maji. Waliuosha sana, wakauchemsha, wakauuza uliwe na sukari.

Crispin, mumewe, hakuupenda.

"Hauna mzizi wala jani," alisema. "Unakula nini humo gizani?"

"Sukari, kama wewe."

"Mimi sioti juu ya maji, mke wangu."

Alhamisi moja mchana, Crispin aliteleza akaangukia tanuri la kukaushia nazi. Mkono wa kulia uliungua. Ligaya alikuwa amesikia sokoni kwamba hospitali ya mjini hufunika majeraha ya moto kwa utando kama ule wa trei zao. Akakimbia bandani, akarudi nao umening'inia mikononi, ukichuruzika maji, akamfunika.

Utando ukalala. Kisha ukashika. Ukafuata kila mkunjo wa mkono, kama ngozi iliyompata mwenyewe.

"Utoe! Unanivuta!"

"Tulia, baba."

"Nakwambia unapumua, Ligaya!"

Jirani yao Rowena, nesi wa zahanati, alisikia kelele akaja mbio. Aliubandua utando ule taratibu, akauweka mkono chini ya maji safi ya bomba kwa dakika ishirini.

"Kwani si ndio huohuo wa hospitali, dada?" Ligaya aliuliza.

"Ni uleule, lakini huu una bakteria hai. Ndio wanaoufuma. Kila mmoja hutoa uzi mwembamba ambao jicho haliuoni, kisha wanazifuma nyuzi hizo pamoja. Ukitikisa trei, kazi inaharibika."

"Wako wangapi?" Crispin alinong'ona.

"Hawahesabiki, shemeji. Na mkono ulioungua hauna mlango wa kuwazuia. Wa hospitali huoshwa kwa dawa kali, ukapikwa kwa mvuke mpaka hakuna kinachoishi ndani, ukafungwa. Hapo huwa uzi mtupu, ulioshiba maji. Unatuliza kidonda."

Hospitalini daktari alifungua pakiti ya utando huo. Crispin alipouona alirudi nyuma.

"Ngozi ya nani hiyo?"

"Si ya mtu," alisema Rowena, aliyekuwa amewasindikiza. "Ni maji ya nazi."

Kwa wiki mbili Crispin alitembea akiutazama mkono wake kupitia utando ule uliong'aa. Usiku aliulaza mkono mbali na mwili, juu ya mto wake wenyewe. Lakini maumivu yalipungua, na kidonda hakikutoa usaha.

Tangu siku ya ajali Ligaya aliwaambia majirani: ukiungua, maji safi kwanza, kisha zahanati. Utando wa kwenye trei ni wa sufuria tu.

Siku Rowena alipoubandua, chini yake palikuwa na ngozi mpya, ya waridi, laini kama ya mtoto. Utando wenyewe ulibaki kwenye bakuli, umejikunja kwa umbo la mkono, na alama za vidole vyote vitano.

Crispin aliuinamia.

"Asante," aliuambia, kwa sauti ya chini.

Rowena hakucheka. Alingoja amalize, kisha akautia kwenye mfuko wa taka za kuchomwa.