Eda Iliyonifungia Riziki

Nimevuka miaka themanini, mwenyeji wa Munje, na namshukuru Mungu kwa uhai huu. Haya yalinipata nikiwa bado kijana, uhuru ukiwa mpya. Nayasimulia ili walau binti mmoja asifungwe kama nilivyofungwa mimi...

Siku zile wagonjwa waliletwa hospitalini Msambweni hata kutoka Taru. Jamaa zao walirudi kuangalia mifugo, mgonjwa akabaki bila wa kumpikia. Nikaanza kupika uji mwepesi na wali laini usio na pilipili, nikawauzia kitandani.

Watu walinicheka. "Kumlisha mgonjwa ni thawabu, wewe wafanya duka!" alisema jirani yangu.

Mume wangu akamjibu, "Basi kesho ipeleke wewe hiyo thawabu."

Hakuipeleka. Kazi yangu ikashika, waliopona wakawaambia wenzao. Nikamchukua wifi yangu Mwanajuma, dada wa mume wangu, anisaidie kubeba masufuria.

Kisha mume wangu akafariki ghafla...

Nikaingia eda. Mwanajuma akanishika mkono. "Mjane hakanyagi kizingiti, wifi. Ukionekana nje, kaka yangu atateseka kaburini. Wewe pika, mimi nitapeleka."

Ni mjane gani angebisha? Nikafunga madirisha, nikapika gizani.

Haukupita muda, akaacha kuja kuchukua masufuria. Nikasikia nafaka ikitwangwa kinuni kwake, upande wa pili wa ukuta; sasa alipika na kuuza mwenyewe. Asubuhi moja mama mmoja wa Taru alifika barazani kuniulizia, mwanawe alikuwa amelazwa.

"Yule mpishi mwenyewe yuko wapi?"

Wifi akatoka kwake, akamjibu kwa upole, "Ana kifua kikuu, maskini. Atema damu. Usimkaribie."

Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Nitoke, nimtese marehemu? Ninyamaze, wanangu wale nini? Nikanyamaza... nikasikia nyayo za yule mama zikienda zake.

Eda ilipokwisha, hakuna mgonjwa aliyekubali kugusa bakuli langu. Hata bibi niliyewahi kumlisha kwa kijiko aligeukia ukutani.

Nilikwenda kumlilia mwalimu wa madrasa. Akanisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Nani alikwambia hutoki, mwanangu? Mjane hulala nyumbani kwake, lakini mwenye haja ya riziki hutoka mchana kwa stara. Mbona hukutuma mtu aniulize?"

Nikaondoka, nikashika jembe.

Nililima mihogo, nikalea wanangu, nikasoma dini mpaka nikawasomesha wanawake wenzangu. Mwanajuma alijenga nyumba kwa uji ule. Biashara ilikuwa njema, kwa kuwa njaa ya wale wagonjwa ilikuwa ya kweli. Nimemsamehe, Alhamdulillahi.

Lakini nawasihi, binti zangu, mtu akikwambia dini imekuzuia, muulize mjuzi kabla hujaketi. Mimi nilikaa ndani eda nzima nikimtii wifi yangu, nikidhani namtii Mungu.