Kigingi cha Pasaka

Fransiska aliketi kando ya chemchemi, ndoo pembeni, kata mkononi. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, mwaka 1976, katika kijiji cha ujamaa karibu na Mwazye. Unachota kata moja, unangoja. Unachota nyingine, unangoja tena. Wanawake walitaniana kwamba ukienda kuteka maji Oktoba, uwaage watoto kabisa.

Alipoolewa hapo mambo hayakuwa hivi. Maji yalibubujika mwaka mzima, na wasichana walirushiana mpaka khanga zikalowa. Fransiska alikikumbuka kicheko kile, moyo ukamuuma.

"Baba Kristiana," alimwambia mumewe Zenon jioni, "maji yanakwisha. Usilime tena kule chini kwenye chemchemi."

Zenon alicheka. "Mama Kristiana, vigingi havisemi uongo."

Vigingi vilikuwepo kweli. Kila Jumatatu ya Pasaka, Zenon alichomeka kigingi pale maji yalipokomea, kama baba yake alivyofanya. Mwaka huu maji yalikuwa yamekipita kigingi cha mwaka jana kwa hatua mbili nzima. Kwa furaha akafyeka nyasi na kuzifukia kwenye matuta mpaka ukingoni. Mvua zikianza angepanda ulezi, na masika yajayo angevuka ng'ambo. Akishaamua jambo, Zenon hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Siku iliyofuata alifika Ndugu Isakwisa, bwana maji kutoka Sumbawanga, mwenyeji wa Mbeya, kukagua chemchemi. Walimkaribisha ugali wa ulezi na maharage. Zenon akaanza hadithi ambayo kila mgeni aliipata, atake asitake. Ujanani alifanya kazi Moshi, akabeba mizigo ya Wazungu Kilimanjaro.

"Barafu ile niliigusa kwa mkono huu! Ukuta mrefu kupita kanisa. Na mpaka leo iko vile vile."

Isakwisa aliuvuta mkoba wake. "Samahani, mzee. Naomba nikuonyeshe kitu."

Alitoa karatasi mbili alizotumia kufundishia upimaji. "Hii ni ramani ya barafu ya Kilimanjaro, ilivyokuwa wewe ukiwa mtoto mchanga. Na hii ni picha ya mwaka huu. Imepigwa na setilaiti, chombo kinachoizunguka dunia huko juu sana. Zote mbili zina kipimo kimoja."

Juu ya ramani aliweka karatasi angavu yenye miraba. "Mama, hebu hesabu miraba yenye barafu."

Fransiska alikuwa amejifunza hesabu kwenye kisomo cha watu wazima. Alihesabu kwa kidole. "Thelathini na sita."

Isakwisa akaihamishia miraba kwenye picha. Fransiska akahesabu tena, mara mbili. "Kumi na tatu tu!"

"Haiwezekani!" Zenon alifoka. "Mpwa wangu Flavian alipita Moshi Aprili. Aliuona mlima mweupe hadi mabegani!"

"Aliona theluji ya masika, mzee. Inaanguka leo, siku chache haipo. Ukipima wakati huo, theluji imefunika mawe, utasema barafu imeongezeka. Ndiyo maana wapimaji huchagua picha ya kiangazi, isiyo na mawingu. Na mwaka mwingine huchagua ya majira yale yale."

Fransiska alimgeukia mumewe. "Baba Kristiana, vigingi vyetu unachomeka lini?"

"Pasaka."

"Na Pasaka ni masika."

"Tena Pasaka inahama," Isakwisa aliongeza. "Mwaka jana ilikuwa Machi. Mwaka huu ilikuwa katikati ya Aprili, mvua zimeshazama ardhini."

"Kumbe nimepima mvua miaka yote," Zenon alisema. Kisha akaigusa picha. "Na barafu yangu imekwenda." Fransiska alikuwa ameichoka hadithi ile ya mlima, lakini leo alitamani mumewe aisimulie tena.

"Basi tupime lini?" Zenon aliuliza.

"Tarehe nne Oktoba," Fransiska alijibu. "Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Somo wangu yule hahami."

Wakacheka wote. Tarehe nne ilikuwa kesho yake, wakachomeka kigingi kipya. Isakwisa aliwaeleza kwamba nyasi na miti huzuia mvua isikimbie, ikazama na kuilisha chemchemi. Alipima hatua mia moja kuzunguka maji. "Humu ndani, jembe lisiingie."

Zenon aliyaacha matuta yale, nyasi zikarudi. Akapanda mikuyu, akawashawishi majirani kwenye mkutano wa kijiji. Mwaka wa kwanza maji hayakuongezeka. Wa pili yalipungua kidogo, Zenon akanuna siku mbili. Lakini hakuna aliyelima.

Tarehe nne Oktoba 1980, jua likiwa kali, maji yalikuwa yamekipita kigingi kile cha 1976 kwa hatua moja na nusu. Zenon aliinama juu ya mkongojo wake, akautumbukiza majini mkono ule ulioigusa barafu.

"Ile ya mlimani sikuiwahi," alisema. "Hii tumeiwahi."

Fransiska alichota maji kwa kiganja, akamrushia.